Kongamano la Nasaba Salt Lake City: Ukitoka Ukumbini Uende Wapi?

Kila mwaka, baridi ya Marekani inapoelekea ukingoni, maelfu ya watu hukutana Salt Lake City, jimbo la Utah, kutafuta mababu zao. Kongamano hilo linaitwa RootsTech. Lilianza mwaka 2011, na huandaliwa na FamilySearch, taasisi ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi huwajua kwa jina la Wamormoni. Imani yao inasema jamaa waweza kuunganishwa hata baada ya kufa, ndiyo maana tangu mwaka 1894 wamekuwa wakikusanya kumbukumbu za koo. Mlango uko wazi kwa wote. Hakuna atakayekuuliza dini yako.

Mwenzetu akifunga safari kwenda huko, ushauri wangu ni huu: asijifungie kwenye mihadhara. Mingi inahusu madaftari ya sensa, vitabu vya parokia za Ulaya na orodha za abiria wa meli. Mtu ambaye babu yake alizaliwa Kigoma au Kitui, na tarehe yake ya kuzaliwa ni "mwaka wa njaa ile", atatoka na daftari lililojaa anwani zisizomhusu. Isitoshe, mihadhara mingi hutolewa bure kwa njia ya intaneti tangu mwaka 2021. Nauli ya ndege hailipwi kwa ajili ya kitu unachoweza kukitazama sebuleni.

Kituo cha kwanza kiwe FamilySearch Library, maktaba iliyo mtaa wa West Temple, mwendo mfupi kwa miguu kutoka ukumbini. Ni kubwa kuliko zote za aina yake duniani, na kiingilio ni bure. Usifike mikono mitupu. Nenda na majina ya wazee, mlango wa ukoo, kijiji, dini, na misheni au wilaya walikoishi. Orodha ya maktaba imepangwa kwa mahali, kwa hiyo tafuta pia kwa majina ya zamani: Tanganyika na si Tanzania peke yake, Zaire na Kongo ya Wabelgiji na si Kongo tu. Beba picha na barua za zamani, kwani zipo mashine za kuzinakili bila malipo, na watu wa kujitolea wa kukuelekeza.

Ukifika hapo, ulizia nasaba za mdomo. FamilySearch imekuwa ikituma wahoji vijijini katika nchi kadhaa za Afrika, Ghana na Kongo zikiwemo, kuandika koo kama wazee wanavyozisimulia. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yao yenye manufaa zaidi kwetu, na inashangaza jinsi Waafrika wachache wanavyoijua.

Kuna pia mchezo wa simu unaowapendeza sana wenyeji: programu inayokuonyesha ni nani kati ya waliojiandikisha kongamanoni ni ndugu yako. Mmarekani hupata binamu wa mbali kwa mamia. Wewe huenda usipate hata mmoja, kwa sababu mti wa ukoo wako bado haujaingizwa. Usinyong'onyee, ingiza hata vizazi vitatu jioni hiyohiyo.

Kwenye maonyesho ya biashara utashawishiwa kununua kipimo cha vinasaba. Pima neno kabla ya kupima mate. Sampuli za Afrika Mashariki za kulinganishia bado ni chache, na taarifa zako ni za ndugu zako pia. Kampuni ya 23andMe ilidukuliwa mwaka 2023, na Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Lakini somo kubwa kuliko yote liko mitaani. Kuanzia mwaka 2003 Marekani ilipokea maelfu ya Wabantu wa Somalia, na Salt Lake City ni mojawapo ya miji waliyopelekwa. Wengi wao ni wazao wa watu waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka maeneo ambayo leo ni Tanzania, Malawi na Msumbiji. Miongoni mwao wapo Wazigua ambao, baada ya vizazi vingi bondeni mwa mto Juba, walikuwa bado wanazungumza Kizigua. Vita vya Somalia vilipowatawanya, baadhi walikimbilia Tanga, na serikali ya Tanzania ikawapa makazi Chogo, wilayani Handeni, katika nchi ya mababu zao. Hawakuwa na cheti hata kimoja cha kuthibitisha nasaba. Walikuwa na lugha.

Wapo mjini pia Wakongomani na Warundi, na Kiswahili utakisikia. Ila usivamie watu kama mtalii. Wasiliana mapema na msikiti, kanisa au chama cha jumuiya, uliza kama yupo mzee aliye tayari kuzungumza, uende na zawadi, na uombe ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti.

Muda ukibaki, Kwaya ya Tabernacle hufanya mazoezi Alhamisi jioni na watu huruhusiwa kusikiliza. Mwenye gari aende kisiwa cha Antelope akaone nyati wa Kimarekani kando ya ziwa lenye chumvi ambalo samaki hawaishi ndani yake. Beba koti zito: mji uko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, kimo kinachokaribia cha Arusha, lakini theluji yake haikai kileleni tu.

Na kabla ya kukata tiketi, mpigie simu mzee aliye mkubwa kuliko wote katika ukoo wenu. Mwombe akutajie majina, uyaandike yote, hata ya wale waliofariki wakiwa wachanga. Maktaba itakusubiri, yeye mfuate sasa.