Masomo na Uongozi Shuleni (Sehemu ya Pili): Usiache Somo Kabla ya Kujua Linakokupeleka

Katika sehemu ya kwanza tulieleza namna ya kuyasoma matokeo ya upimaji wa kidato cha pili. Leo tunaingia kwenye uamuzi unaofuata: mwanafunzi abaki na masomo gani kidato cha tatu, na ashike wadhifa gani shuleni.

Katika mtaala ambao wazazi wengi wanaujua, masomo saba ni ya lazima hadi kidato cha nne: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Biolojia, Jiografia, Historia na Uraia. Fizikia na Kemia mwanafunzi anaweza kuziacha baada ya kidato cha pili, na hapo ndipo wengi huteleza. Mtoto huziacha kwa kuwa wenzake wameziacha, kwa kuwa mwalimu amehama, au kwa kuamini kwamba sayansi ni ya wanaotaka udaktari tu. Kijana wa pwani mwenye imani hiyo na afike Mbegani, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, kwenye kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA.

Kinachofundishwa pale ni kazi anazoziona kila siku ufukweni, na kila kazi ina somo lake. Injini ya boti na chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki ni Fizikia. Samaki kuoza, na namna ya kumchakata afike sokoni akiwa salama, ni Kemia na Biolojia. Anayefuga samaki bwawani lazima ajue kupima oksijeni na chumvi ya maji. Jirani tu, Mlingotini, akina mama wanalima mwani. Aina iitwayo kotoni ina bei nzuri kuliko spinosamu, lakini hufa upesi bahari inapopata joto. Nani atawasaidia akina mama hao, kama watoto wao wenyewe wameacha Kemia wakiwa na miaka 15?

Simaanishi kila mtoto asukumwe kwenye sayansi. Bagamoyo hiyohiyo ina Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa. Ina pia magofu ya Kaole na Mji Mkongwe, ambako anayejua Historia na lugha ana kazi ya heshima. Ninachokataa ni kuacha somo bila kuuliza linahitajika wapi.

Uamuzi huo unamfuata mwanafunzi hadi kidato cha tano. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kupanua orodha ya tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo ya kidato cha tano na sita, hadi kufikia 65, na mwaka huohuo mtaala mpya ukaanza kuingia kwa awamu, ukiwa na mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla. Uwanja umepanuka, lakini aliyeacha Kemia hawezi kuomba CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) wala PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), tahasusi zinazomfaa anayetaka kusomea viumbe vya baharini. Aliyeacha Fizikia ameiaga PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), na uhandisi pamoja nayo.

Sasa uongozi. Wapo wazazi wanaowakataza watoto kuwa viranja, eti cheo kinakula muda wa kusoma. Tutazame kazi yenyewe. Kiranja wa chakula anahesabu magunia na kulinganisha kilichoingia na kilichopikwa. Katibu wa baraza la wanafunzi anaandika muhtasari wa kikao ambao wenzake wataukubali. Dada mkuu anapeleka malalamiko ya bweni kwa mkuu wa shule bila woga na bila utovu wa adabu. Ujuzi huo haufundishwi ubaoni, na pwani yetu inauhitaji. Chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 jamii za wavuvi huunda vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU. Vikundi hivyo vinahitaji mwenyekiti anayeaminika, katibu anayetunza kumbukumbu na mweka hazina ambaye hesabu zake hazina shaka. Watu hao huandaliwa wakiwa bado shuleni.

Hata hivyo, wadhifa mmoja unatosha, na ni vizuri ushabihiane na masomo. Anayependa Biolojia aongoze klabu ya mazingira na upandaji wa mikoko. Mwenye Hisabati nzuri ashike hazina. Mtahiniwa wa kidato cha nne akabidhi madaraka mapema apate nafasi ya kujiandaa. Wasichana wasiachiwe unaibu tu. Wagombee nafasi zote.

Mzazi, kabla mwanao hajaandikisha masomo ya kidato cha tatu, keti naye pamoja na mwalimu wa taaluma. Tazameni alama zake za mihula yote, si za mtihani mmoja. Kisha mpeleke Mbegani au TaSUBa, mwache aulize mwenyewe sifa za kujiunga, aziandike kwenye daftari lake. Akirudi nyumbani ndipo achague.

Sehemu ya tatu itaeleza ujazaji wa Selform, fomu ya kuchagulia tahasusi, na jinsi ya kubadilisha tahasusi baada ya matokeo.