Mshipa Mmoja wa Pafu Usipokuwapo

Katika moyo hutoka mshipa mkubwa upelekao damu mapafuni ili ipate hewa safi. Mshipa huo hugawanyika matawi mawili, moja la pafu la kuume, moja la pafu la kushoto. Lakini mara chache sana, yapata mtu 1 katika watu 200,000, mtoto huzaliwa bila tawi moja. Mganga Frentzel aliandika habari hii mwaka 1868. Si uchawi, wala si kosa la mama.

Basi, mtu huyo huishije? Pafu moja hupokea damu yote ya moyo. Lile jingine hudumaa, likilishwa na mishipa myembamba itokayo mahali pengine mwilini. Wengine hufika utu uzima bila kujua lolote.

Dalili zake ni hizi:
1. Kuishiwa pumzi upesi kazini.
2. Ugonjwa wa kifua urudio mara kwa mara.
3. Kukohoa damu, maana mishipa ile myembamba huweza kupasuka.

Ndugu, huku kwetu akohoaye damu apimwe kwanza kifua kikuu, kwa kuwa ndicho kilicho kingi. Kisipoonekana, mganga atafute sababu nyingine. Lakini mgonjwa asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe. Apigwe picha ya radio. Pafu moja likiwa dogo, na moyo umevutwa upande ule, apelekwe hospitali kubwa yenye skana. Huko hutiwa dawa katika damu ionyeshayo mishipa, ndipo upungufu huonekana wazi.

Akiisha kujulikana, arudi kupimwa kila alipoagizwa, hata kama haumwi. Ekografia ya moyo huonyesha nguvu ya damu mapafuni. Ikizidi, moyo huchoka na miguu huvimba. Mwanamke amwulize mganga kabla ya kuchukua mimba, maana nguvu hiyo ikizidi, mimba huweza kumwua. Damu nyingi ikitoka, waganga huziba mishipa ile myembamba, au hulikata pafu.

Sisi wa Swima twakaa kando ya ziwa, karibu mita 770 juu ya bahari. Mwenye kasoro hii asipande milima ya Itombwe kabla ya kumwuliza mganga. Kupita mita 2,000 hewa ni nyepesi, na pafu lake laweza kujaa maji. Akikosa pumzi huko juu, ateremshwe mara moja. Msingoje asubuhi.