Kuitaja kwa Kiswahili Hatari ya Leza za Infraredi

Kusudi la makala hii ni kueleza jinsi hatari ya leza za infraredi inavyopimwa, na kuonyesha kwamba onyo la Kiswahili lisilotungwa kwa uangalifu laweza kumpoteza mtu yule yule ambaye lakusudiwa kumlinda.

Mfano wetu twautoa Karagwe na Kyerwa, wilaya za mkoa wa Kagera zilizokuwa moja hadi mwaka 2012. Ufundi wa chuma ni wa kale huko. Stanley, aliyemzuru mfalme Rumanyika mwaka 1876, aliandika habari za hazina yake ya vyombo vya chuma na shaba. Mhunzi ajua kwamba chuma kilichotoka motoni hung'aa, kisha wekundu hufifia, na hata baada ya kufifia mkono ulio karibu bado huhisi joto. Joto hilo lisafirilo bila kuonekana ndilo infraredi. Mawimbi yake huanzia urefu wa nanometa 700 hivi na kuendelea hadi milimita moja.

Joto la mhunzi hutawanyika kila upande. Leza, iliyoundwa kwanza na Maiman huko Marekani mwaka 1960, hutoa mwale mwembamba usiotawanyika upesi, na hapo ndipo hatari inapozaliwa. Mawimbi yasiyozidi nanometa 1,400 hupita konea na lenzi, kisha hukusanywa juu ya retina, hata ukali wake ukazidi kiasi cha mara 100,000. Retina haina neva za maumivu. Mtu aweza kuunguzwa asijue ila aonapo doa katika uoni wake. Mawimbi marefu kuliko hayo hunywewa na maji ya konea, nayo huunguza sehemu ya mbele ya jicho. Ngozi, kwa upande wake, huonya kwa uchungu, lakini leza yenye nguvu huunguza kabla mtu hajajitoa.

Basi mpimaji hutazama mambo manne: urefu wa wimbi, nguvu, muda, na jinsi mwale unavyopanuka kadiri ya umbali. Hesabu yake huilinganisha na kiwango cha juu ambacho jicho au ngozi yaweza kustahimili. Kanuni ya kimataifa iitwayo IEC 60825-1 hugawa leza katika madaraja. Daraja la 1 halina madhara katika matumizi ya kawaida. La 3B, lenye kikomo cha wati 0.5, hudhuru jicho likipigwa moja kwa moja. La 4 huunguza ngozi pia, na hata mwale wake uliorudishwa na ukuta usiong'aa waweza kudhuru jicho. Daraja la 2 halipo kabisa kwa infraredi, kwa kuwa lategemea jicho kujifumba ndani ya robo ya sekunde. Na jicho halijifumbi kwa kitu lisichokiona.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Tukisema "mwanga", msomaji hufahamu kitu cha kuonekana. Tukisema "mionzi", hukumbuka picha za hospitali na maradhi ya saratani, ambayo si hatari ya leza hizi. "Mnururisho" ni istilahi sahihi, lakini haijafika kijijini. Kosa kubwa zaidi limo katika kitenzi. Tumchukue kijana wa Kyerwa aliyeajiriwa kushika kioo mbele ya chombo cha mpima ardhi. Vyombo vingi vya namna hiyo ni vya daraja la 1, naye hana la kuogopa. Lakini akihamia kiwanda chenye leza ya kukatia chuma, akakuta maneno "usitazame mwanga", atatazama kwanza apate kujua mwanga uko wapi. Asipouona, ataamini kwamba chombo kimezimwa.

Kwa hiyo twapendekeza onyo litaje mahali na kiungo cha mwili, lisitegemee kuona: "Leza isiyoonekana. Usipitishe jicho wala ngozi mbele ya tundu hili." Namba ya daraja na iandikwe chini yake. Istilahi ya wanazuoni yaweza kungoja kamusi, lakini jicho la kijana yule haliwezi kungoja.