Klabu Ikiuzwa, Ni Nini Hasa Kinachouzwa?

Viongozi wa klabu moja ya kandanda kutoka wadi zetu walifika katika afisi ya michezo wakiwa na mkataba wa ukurasa mmoja. Mfanyabiashara alitaka kuinunua timu yao. Aliahidi marupurupu ya wachezaji, jezi mpya na basi la mechi za ugenini. Wao walitakiwa kubadilisha jina la timu na kumwachia “mali zote za klabu”. Mwekahazina aliuliza swali lililotufanya tuandike makala haya: mali zote ni zipi?

Jibu linategemea klabu yenyewe ni ya nani. Hapa Kenya kuna klabu za wanachama, kama Gor Mahia na AFC Leopards, na kuna klabu za kampuni au mashirika, kama Tusker, au Bandari iliyo chini ya Halmashauri ya Bandari (KPA). Kampuni ina hisa, na hisa huuzwa. Klabu ya wanachama haina hisa, ina katiba. Mwenyekiti hawezi kuiuza kwa sahihi yake pekee, hata kama ndiye aliyeianzisha na amekuwa akiigharamia kutoka mfukoni mwake. Wanachama ndio wanaopaswa kukutana na kupiga kura, wakifuata katiba yao na Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, na mabadiliko hayo yafikishwe kwa Msajili wa Michezo.

Majirani zetu wa Simba, Dar es Salaam, walipitia njia hiyo. Mwaka 2017 mfanyabiashara Mohammed Dewji alishinda zabuni ya kuwekeza shilingi bilioni 20 za Tanzania. Serikali ya nchi hiyo ilisisitiza kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji asizidi 49. Inaonekana tofauti ndogo, lakini ndiyo inayoamua ni nani mwenye neno la mwisho kura zikipigwa.

Mfano wa pili ni wa mbali zaidi, na ndio tungeomba kila kamati iusome mara mbili. Bury ni mji mdogo karibu na Manchester, Uingereza. Klabu yake ya kandanda ilianzishwa mwaka 1885 na ikatwaa Kombe la FA mara mbili, 1900 na 1903. Desemba 2018 klabu hiyo, ikiwa imelemewa na madeni, iliuzwa kwa mfanyabiashara Steve Dale kwa pauni moja. Ndiyo, moja. Baadaye mnunuzi huyo alisema redioni kwamba kabla ya hapo hakujua kuna timu ya kandanda iitwayo Bury.

Bei ya pauni moja haikuwa zawadi. Anayenunua klabu kwa bei kama hiyo hununua madeni yake pia, na uwanja wao, Gigg Lane, tayari ulikuwa umewekwa rehani. Ligi iliruhusu klabu ibadilishe mikono kabla mnunuzi hajaonyesha ushahidi kwamba ana fedha za kuiendesha. Miezi michache baadaye mishahara ilianza kuchelewa. Wachezaji waliendelea kucheza hivyo hivyo, wakamaliza wa pili katika daraja la nne na kupanda daraja.

Hawakucheza hata mechi moja ya ligi huko juu. Ligi ilidai ushahidi wa fedha, haikuupata, na ikaanza kuahirisha mechi zao. Agosti 27, 2019, wakati kampuni iliyokuwa ikitaka kuinunua klabu ilikuwa bado kwenye mazungumzo, mashabiki walifika uwanjani na mifagio kuusafisha, wakiamini wikendi kungekuwa na mechi. Kampuni hiyo ilijiondoa siku hiyo hiyo, na usiku Bury ikafukuzwa ligini baada ya miaka zaidi ya 120.

Kilichofuata kinatuhusu sisi wa serikali za mashinani. Mashabiki waligawanyika: baadhi waliunda klabu mpya iliyoanzia madaraja ya chini, wengine wakabaki kupigania jina na uwanja wa zamani. Mwaka 2022 uwanja ulinunuliwa na kundi la mashabiki, wakisaidiwa na pauni milioni moja za serikali kuu. Baraza la mji liliahidi pauni 450,000, lakini kwa sharti: makundi mawili yaungane kwanza. Kura ya kwanza ya kuungana haikufikia kiwango kilichohitajika. Ya pili, mwaka 2023, ilipita, na Bury FC ikarudi Gigg Lane. Kwa maoni yetu baraza lilifanya vyema kutotoa fedha za umma kabla wenye klabu hawajapatana.

Uingereza imebadilisha sheria tangu wakati huo. Sheria ya Usimamizi wa Kandanda ya mwaka 2025 imeunda mdhibiti huru anayemchunguza mnunuzi na chanzo cha fedha zake, na klabu haiwezi kuuza uwanja wake wa nyumbani bila idhini yake.

Turudi kwa yule mwekahazina. Uwanja wanaochezea ni wa kaunti, ni ardhi ya umma, kwa hiyo haumo katika “mali zote” na hauwezi kuhamishwa na mkataba wa timu. Nafasi yao ligini nayo si bidhaa. Kanuni za FIFA zinataka ipatikane kwa matokeo ya uwanjani, na suala lolote la kuihamisha ni la shirikisho, si la muuzaji na mnunuzi. Madeni, kinyume chake, hayapotei kwa kubadilisha jina. FIFA inaweza kumdai mrithi wa klabu malipo ambayo wachezaji hawakulipwa na wenye timu wa awali.

Kilichobaki ni jina, rangi, vifaa, mikataba ya wachezaji, na timu za watoto na wasichana, ambazo mkataba ule haukuzitaja kabisa. Hayo ndiyo ya kujadiliwa na mnunuzi. Fedha zitaingia tarehe gani, na katika akaunti ya nani? Akijiondoa msimu ukiwa katikati, jina linarudi kwa nani? Hatusemi kila mwekezaji aogopwe. Klabu nyingi zetu zingekuwa zimekufa bila mtu mmoja mwenye moyo. Lakini mtu mwenye moyo hakasiriki akiulizwa maswali haya, na majibu yake yaandikwe.

Klabu iliyopata pendekezo la kununuliwa inaweza kufika katika afisi ya michezo ya kaunti ndogo kabla ya kutia sahihi. Njooni na cheti cha usajili, katiba, kumbukumbu za mkutano mkuu wa mwisho, orodha ya madeni na nakala ya mkataba. Afisi haiamui klabu iuzwe au isiuzwe. Itawaeleza hatua za usajili na kuthibitisha hali ya uwanja mnaoutumia. Mzozo ukizuka baadaye, upo Mwamuzi wa kisheria wa mambo hayo, yaani Jopo la Mizozo ya Michezo, lililoundwa chini ya Sheria ya Michezo.