"Tuanze tu": Kauli inayochelewesha miradi kazini

Jumba la Opera la Sydney, Australia, lilianza kujengwa mwaka 1959 wakati michoro ya paa bado haijakamilika. Baadaye ilibidi nguzo za chini zijengwe upya kwa sababu zisingeweza kulibeba paa hilo. Lilitarajiwa kumalizika 1963 kwa dola milioni 7 za Australia. Likafunguliwa 1973, gharama zikiwa zimefika milioni 102.

Hata ofisini mambo ni hayo hayo: bosi anasema "tuanze tu, mengine mbele kwa mbele."

Kabla ya kuanza, timu iandike kazi inaishia wapi, nani anafanya nini na kwa pesa ngapi. Kila wiki ilinganishe kilichopangwa na kilichofanyika. Mradi ukiisha, ikae chini ijiulize ilikosea wapi. Isipofanya hivyo, mradi ujao utakwama palepale.