Jeki ya Kutegemewa Porini

Mnunuzi wa jeki, aingiapo dukani, aghalabu huuliza swali moja tu, nalo ni jeki hii yainua tani ngapi. Na muuzaji, ambaye hana sababu ya kumtia wasiwasi, humwonyesha karatasi iliyobandikwa ubavuni, tani 3, tani 5, hata tani 20, biashara ikaisha hapo. Swali hilo si baya, lakini ndilo jepesi kuliko yote, kwa kuwa gari halibebwi zima na jeki moja. Land Cruiser iliyosheheni watu, maji na mafuta hata uzito wake ukakaribia tani tatu na nusu, pindi tairi lake libadilishwapo huinuliwa pembe moja tu, na uzito uifikiao jeki ni kiasi cha tani moja, au zaidi kidogo ikiwa mizigo imerundikwa nyuma. Mzigo huo, juu ya sakafu ya saruji, hata jeki duni yauweza. Porini hakuna saruji, na huko ndiko tofauti baina ya jeki na jeki inakodhihirika.

Tuanze na ardhi, kwa sababu ndiyo inayowaaibisha wengi. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Wembere upande wa Tanzania au wa nyanda za Athi upande wa Kenya, kiangazi hupasuka nyufa zinazomeza mkono, na masika ukinywa maji hufura, ukateleza, ukakosa kabisa ile nguvu ya kustahimili kitu kizito chenye kitako kidogo. Sasa tufanye hesabu. Kitako cha jeki ya chupa, ile fupi iendeshwayo kwa mafuta ya hidroliki, tukikikadiria kwa ukarimu, ni sentimita 12 kwa 12. Tani moja ikikalia hapo, kila sentimita ya mraba hubeba kama kilo 7. Tairi lenye upepo wa kawaida huikandamiza ardhi kwa kilo 2 hivi kwa kila sentimita ya mraba, nalo limekwisha kuzama! Basi kutaraji kwamba jeki, inayokandamiza zaidi ya mara tatu kuliko tairi, itasimama mahali tairi lilipozama, ni kutaraji muhali. Lakini chini ya jeki hiyo hiyo ukitandika kibao cha mti mgumu, mninga au mvule, cha sentimita 40 kwa 40 na unene wa sentimita 4 au 5, kilo 7 zile hushuka zikawa chini ya kilo moja, na gari likainuka badala ya jeki kuzikwa. Kibao hicho bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na ya jeki, nami siioni sababu ya kununua kimoja na kukiacha cha pili.

La pili ni mahali jeki inapolishika gari, na hapa pana jambo ambalo hata madereva wa miaka mingi hawalitilii maanani. Bodi la gari la porini hukaa juu ya springi ndefu, ili magurudumu yapate kupanda na kushuka katika mashimo pasipo gari lote kuyumba. Kwa hiyo ukiliinua kwa bampa au kwa chesi, bodi hupanda kwanza peke yake, springi zikijinyoosha, ilhali ekseli na gurudumu vimetulia palepale matopeni. Waweza kuinua sentimita ishirini au thelathini na tairi lisibanduke, na kadiri gari linavyopanda ndivyo linavyozidi kuyumba. Bali ukiinua kwa ekseli yenyewe, gurudumu huanza kupanda tangu pigo la kwanza la mpini, na sehemu kubwa ya gari hubaki chini ilipokuwa.

Kwa sababu hiyo jeki ya chupa, ambayo hukaa chini ya ekseli yenyewe, ijapokuwa umbo lake ni dogo, ndiyo ninayoitanguliza. Kazi yake ni ile kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, kwamba shinikizo litiwalo katika kiowevu kilichofungiwa huenea pande zote sawasawa, hata msukumo mdogo wa bomba jembamba ukazaa msukumo mkubwa katika bomba pana. Kasoro zake mbili zajulikana. Ya kwanza ni kimo: tairi likiisha upepo, ekseli hushuka, na jeki iliyoingia vizuri gereji isipenye porini. Basi kabla ya kununua, toa upepo katika tairi moja, upime kwa rula kutoka chini hadi ekselini. Kisha upime tena tairi likiwa limejaa, uongeze sentimita chache, na hivyo utakuwa umejua kimo cha chini na cha juu ambacho jeki yako sharti iwe nacho. Kasoro ya pili ni raba zake za ndani, ambazo huchakaa kwa umri hata kama jeki haikutumika, na huharibika upesi mno zikitiwa mafuta ya breki. Yatakiwayo ni mafuta ya hidroliki na si mengine. Jeki uliyoinunua, iinulie gurudumu, uandike kimo cha ekseli, urudi baada ya saa moja. Iliyoshuka, mrudishie mwenye duka.

Ama jeki ile ndefu ya chuma, ambayo Kenya wengi huiita jeki ya Tanganyika, na ambayo asili yake ni kiwanda kilichoko Bloomfield katika jimbo la Indiana, Marekani, kilichoanza kuitengeneza mwaka 1905, hiyo ina wapenzi wake, na kwa haki. Ile ya inchi 48 huinua zaidi ya kilo 2,000, huvuta kama winchi, na huweza kulitoa gari katika mifuo mirefu ambamo jeki ya chupa haina pa kusimama. Lakini yataka bampa la chuma au vyuma vya pembeni vyenye mahali pa kuikita, na magari mengi ya siku hizi yametoka kiwandani na bampa za plastiki. Tena yataka mikono iliyofundishwa. Katika kushusha, mpini huinuliwa wima hata ukagusa nguzo ya jeki, ndipo kifyatulio kigeuzwe. Kisha mpini hushushwa na kupandishwa kwa mkono ulioushika barabara, kwa maana katika kila pigo mzigo wote huhama kutoka pini moja hadi nyingine, na kwa kitambo hicho husukuma mpini. Mkono ukiteleza, mpini huanza kujipiga wenyewe juu na chini kwa kasi, na kidevu kilichoinamia hapo hakina salama. Na mzigo usiofika kama kilo 70 haushuki hatua kwa hatua, bali kichwa cha jeki huporomoka mara moja. Vumbi likizikamata pini zake, jeki hukataa kupanda au kushuka. Zisafishwe kwa brashi na mafuta ya taa, wala zisipakwe grisi, ambayo hukusanya vumbi jipya.

Jeki ya mfuko wa upepo, ujazwao kwa moshi wa ekzosi, wafaa sana mchangani, kwa kuwa kitako chake ni kipana, lakini miiba ya migunga ni adui yake. Jeki ya mkasi tuwaachie wenye magari ya mjini.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba mwenye gari moja na fedha za jeki moja anunue ya chupa, ya tani 4 au zaidi, iliyopimwa kwa gari lake, pamoja na kibao. Ile ndefu iwe ya pili, tena kwa mwenye bampa linaloistahili. Naomba zaidi ya hayo jambo moja: kabla ya safari, lipakie gari mizigo yote, ulipeleke penye udongo laini karibu na nyumbani, ulegeze nati gurudumu likiwa bado chini, uyazuie mengine kwa kabari, ulaze tairi la akiba chini ya chesi, kisha ubadilishe tairi moja kwa jeki hiyo hiyo utakayokwenda nayo.