Mantiki dhaifu hairithi interpolesheni

Swali hili limenichosha: “Mwalimu, kama mantiki ya intuisheni ina interpolesheni, iliyo dhaifu kuliko hiyo si itakuwa nayo tu?” Hapana.

Twende Gitaza, mlima unapoporomokea barabara ya Bujumbura–Rumonge. Dhana: mvua imenyesha, na ikinyesha barabara hufungwa. Hitimisho: ikiwa kufungwa kwa barabara huchelewesha ndagala, basi ndagala zimechelewa. Dhana haitaji ndagala, hitimisho halitaji mvua. Kinachopita katikati ni kauli yenye maneno ambayo pande zote mbili zinayo tu: barabara imefungwa. William Craig alithibitisha mwaka 1957 kwamba katika mantiki ya klasiki kauli hiyo ya kati haikosekani: huko ndiko kuwa na interpolesheni. Schütte alifanya hivyo kwa intuisheni mwaka 1962.

Wanaoniuliza hujitetea hivi: kila kinachothibitika katika mantiki dhaifu kinathibitika pia katika intuisheni, kwa hiyo kauli ya kati ipo. Ipo, lakini kwa sheria za nani? Uthibitisho wa kuifikia, au wa kutoka kwake hadi hitimisho, huenda ukatumia dhana moja mara mbili, au ukazalisha lolote kutokana na mkinzano, na mantiki yako imeshajinyima ruhusa hiyo. Umepunguza kauli za kuhudumia, sawa. Umepunguza na zana. Wao huhesabu punguzo la kwanza tu.

Hawajasoma kazi ya mwanamantiki Maksimova? Kati ya klasiki na intuisheni kuna mantiki za propozisheni zisizo na idadi. Mwaka 1977 alionyesha kwamba saba tu ndizo zenye interpolesheni, ncha mbili zikiwemo. Kudhoofisha klasiki kidogo, basi, kwa kawaida ni kupoteza interpolesheni. Mwaka 1993 Alasdair Urquhart aliiangusha katika mantiki ya uhusika R, kwa jiometri ya projektivu. R inakubali kuondoa kanusho maradufu, kwa hiyo haikai chini ya intuisheni. Lakini ni dhaifu kuliko klasiki, na udhaifu haukuisaidia kitu.

Mantiki ndogo ya Johansson ya 1937, ambayo kweli iko chini ya intuisheni, imesalimika, mradi alama ya mkinzano iruhusiwe katika kauli ya kati.

Mantiki yako je? Tafuta kalkulasi ya sekwenti inayoondoa mkato, kisha igawe sekwenti kwa mbinu ya Maehara. Huna? Nenda kwenye aljebra, uchunguze sifa yake ya muungano (amalgamesheni). Unashuku interpolesheni haipo? Tafuta dhana na hitimisho visivyo na kauli ya kati. Na useme unazungumzia interpolesheni ya kishale au ya uthibitikaji: pasipo teoremu ya dedaksheni, hizo ni mbili tofauti.